Nani Alitoa Pasi?

Nenda kijiwe chochote cha kahawa hapa Dar es Salaam, kaa kwenye benchi, ulizia goli la Ndola. Wazee watakujibu kabla hujamaliza swali: Agosti 1979, Taifa Stars wako ugenini kwa Zambia, Peter Tino anafunga, mechi inaisha moja kwa moja, na Tanzania inakata tiketi ya kwenda Lagos kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980. Ilikuwa mara yetu ya kwanza, na tulingoja mpaka 2019 kwenda tena. Goli kama lile halisahauliki, bwana.

Haya, sasa uliza swali la pili. Nani alimpa pasi?

Mimi niliuliza. Mmoja akataja jina, wa pili akambishia, wa tatu akasema pasi ya nini, mpira ule Tino alijitafutia mwenyewe. Kahawa ikapoa, wakaanza kutukanana kwa upole kama wazee wa mjini wanavyojua kutukanana, nami nikaaga. Swali langu halikuwa la mpira hata kidogo. Lilikuwa la karatasi moja niliyoiandika chuoni, yenye kurasa hamsini na nne, jalada gumu la bluu na jina langu kwa herufi za dhahabu, ambayo kwa muda mrefu sikuweza kuiangalia bila kuona aibu.

Lakini nianze uwanjani, maana huko ndiko nilikofundishwa nisichokifuata.

Nilikuwa beki wa kushoto, namba tatu, katika timu ya mchangani huku Temeke. Beki wa kushoto wa mchangani ni kiumbe wa kusahauliwa. Upande wake ndio wenye shimo, ndio wenye mti, na mpira ukitoka ndio unaoingia kwa mama muuza maandazi, kwa hiyo yeye ndiye anayekwenda kuomba radhi. Kocha wetu, tuliyemwita Mwalimu ingawa alikuwa fundi baiskeli, alikuwa na sheria moja ambayo hakuipunguza hata siku ya fainali. Ukifunga, kabla hujakimbilia mashabiki, kabla hujavua jezi, unamtafuta aliyekupa pasi na kumnyooshea kidole. Watu wote wamwone. Usipofanya hivyo, mechi inayofuata uko benchi, hata kama ulifunga matatu.

Tulidhani ni utani. Kisha namba tisa wetu akafunga goli zuri kutokana na krosi ya winga mdogo aliyekuwa anacheza pekupeku, akakimbia moja kwa moja kwa wasichana waliokaa kwenye ukuta. Jumapili iliyofuata Mwalimu akamweka benchi. Tukafungwa mbili bila. Tulipomlaumu alisema maneno machache tu, huku anafunga mfuko wa jezi: kwamba yule mdogo wa pembeni asipoonwa leo, kesho hatatia krosi, atapiga mwenyewe golini kutoka kwenye kona ya uwanja, na hapo hatutakuwa na timu, tutakuwa na watu kumi na moja wenye mipira yao kichwani.

Miaka ikapita, nikaingia chuo kikuu. Mwaka wa mwisho tukatakiwa kuandika tasnifu. Mimi nikachagua habari za vilabu vidogo vya mitaani vya Dar es Salaam enzi za mkoloni. Sio Yanga iliyoanza 1935, wala watani wao walioitwa Sunderland mpaka 1971 walipojiita Simba. Hao wana waandishi wao. Nilitaka vile vilabu vya mtaa mmoja, vilivyozaliwa na kufa bila hata picha.

Vitabu nilivyopata maktaba vilinipa sura mbili za mwanzo, basi. Sura ya tatu na ya nne, ambazo ndizo msimamizi wangu alizoziandikia pembeni kwa wino mwekundu "nzuri sana", alinipa mzee mmoja wa Ilala. Nilikwenda kwake majuma matatu mfululizo, kila siku baada ya alasiri. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, kaa. Kahawa, kashata, kisha anaanza. Alinieleza jinsi walivyochangishana senti kununua mpira wa ngozi, na jinsi walivyoupaka mafuta ya nyama usipasuke. Alinieleza habari ya dobi wa mtaa aliyezificha jezi mpaka alipwe deni la sabuni, wakacheza vifua wazi. Alinichorea mchangani, kwa kijiti, jinsi timu ilivyogawanyika kwa sababu ya ndoa. Hayo hayamo katika kitabu chochote. Yalikuwa kichwani mwake, naye akayatoa yakafika mguuni mwangu, laini kabisa, goli liko wazi.

Nikafunga. Na sikumnyooshea kidole.

Ngoja niseme wazi nilichofanya, maana kuna kosa na kuna kosa. Kumsahau tu ningeweza kujitetea. Mimi nilifanya zaidi. Niliona haya kuandika kwamba habari zangu zimetoka kwa mzee wa kijiweni mwenye kanzu iliyochakaa. Niliona itakuwa ushamba. Basi kila aliponiambia jambo, nilitafuta kitabu cha mwanahistoria mmoja wa Ulaya kilichogusa jambo linalokaribiana, nikaweka jina la huyo bwana kwenye mabano, na mwaka, na ukurasa. Wanafunzi wenzangu wanaojua kudesa watanielewa: mtu anayedesa huficha kwamba ameiba, mimi nilificha kwamba nimepewa. Ni sawa na mfungaji anayekimbia, anampita aliyemtilia krosi, anakwenda kumkumbatia mtu aliyekaa jukwaani.

Nikapata alama nzuri. Nikampelekea mzee nakala, na hapo ndipo nilipokuwa mjinga kweli, kwa sababu nilidhani atafurahi tu kuiona. Macho yake yalikuwa yamefifia, akamwita mjukuu wake wa darasa la saba aje amsomee. Mtoto akasoma habari ya dobi na jezi. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mtoto akaendelea, akalisoma na lile jina la kwenye mabano, kwa shida, herufi kwa herufi. Mzee akamnyamazisha kwa mkono.

"Huyu naye nani?"

Nikamwambia ni mwandishi, mtaalamu wa Ulaya.

Akafikiri. Kisha akaniuliza bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli: "Naye alikuwapo?"

Sijawahi kupewa kadi nyekundu uwanjani. Siku ile nilipewa.

Nimelifikiria swali lile kwa muda mrefu kuliko somo lolote nililofaulu. Chuoni tulifundishwa marejeleo kama mambo ya polisi. Weka jina, weka mwaka, la sivyo utakamatwa, utapewa sapu, utadisko. Yaani mtu hujifunza kuweka majina ili asikamatwe, na yule anayejifunza hivyo atajua haraka kwamba mzee wa Ilala hana wa kumkamatia. Hana kitabu, hana mwanasheria, hajui hata kwamba ameibiwa. Ukiogopa polisi tu, wa kumwibia ni yeye.

Mwalimu wetu fundi baiskeli hakutufundisha kuogopa. Na nikitazama vizuri naona uwanja na karatasi vinatofautiana mahali muhimu sana. Uwanjani pasi inaonekana. Hata mfungaji akiwa mchoyo wa sifa, watu mia mbili waliosimama kandokando wameona krosi imetoka kwa nani. Kwenye karatasi hakuna mtazamaji. Msomaji anauona mpira ukiwa tayari nyavuni. Mtu pekee duniani anayejua ulitoka wapi ni yule aliyefunga, na akinyamaza, pasi ile haijawahi kutolewa. Kwa hiyo kidole kile, ambacho mchangani kilikuwa adabu nzuri tu, kwenye maandishi ndicho ushahidi wenyewe. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wenzangu wanaosema marejeleo ni urembo wa wasomi.

Kuna watu waliolijua hilo. Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, huko Lushoto, mwaka 1963. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa ndogo, mwenzake mmoja akawahi, na Mpemba kwa kuhofia kukosa nafasi akatia maziwa yake yangali ya moto. Waliporudi kuangalia, yake yameganda, ya mwenzake bado. Akamuuliza mwalimu wake wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia. Mpemba akasimama mbele ya wenzake na kuuliza kwa nini maji ya nyuzi 100 hutangulia kuganda kuliko ya nyuzi 35. Wenzake wakamcheka.

Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi naye, kwa jinsi Osborne mwenyewe alivyosimulia, alirudi na jibu kwamba ni kweli ya moto yametangulia, lakini akaahidi watarudia mpaka wapate jibu sahihi! Mimi huwa nacheka kila nikifika hapo, maana wasomi wangapi hatufanyi hivyohivyo?

Mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la Uingereza linaloitwa Physics Education. Majina ni mawili, na la kwanza ni la Mpemba. Tena si jina tu. Ndani ya makala ile Mpemba anasimulia mwenyewe sehemu yake, kwa nafsi ya kwanza, maziwa na friza na kuchekwa, kisha Osborne naye anaeleza majaribio. Osborne alikuwa na maabara, alikuwa na cheo, alijua namna ya kuandikia majarida. Angeweza kabisa kuandika peke yake na kumshukuru "mwanafunzi mmoja" mwishoni. Hakuna ambaye angemkamata. Wanasayansi wanabishana mpaka leo kama jambo lenyewe ni kweli na kwa sababu gani, na wanapobishana wanataja jina la kijana yule: tokeo la Mpemba.

Ukitaka kuona upande wa pili, mkumbuke Rosalind Franklin. Mwaka 1952, katika maabara yake London, mwanafunzi aliyekuwa chini yake, Raymond Gosling, alipiga picha ya eksirei ya DNA iliyotoka safi kupita zote. Januari 1953 James Watson akaonyeshwa picha ile na Maurice Wilkins, Franklin mwenyewe hana habari. Miezi michache baadaye Watson na Francis Crick wakatangaza umbo la DNA, na makala yao ikagusia kazi ya Franklin kwa maneno ya juujuu ambayo mtu asiyejua hawezi kukisia walipewa nini. Franklin alifariki 1958. Tuzo ya Nobel ya 1962 ikaenda kwa Watson, Crick na Wilkins. Goli lilikuwa halali, sikatai. Lakini dunia ilihitaji miaka mingi kuuliza nani alitoa pasi.

Hapa kuna msomaji anayeniambia: basi tatizo limekwisha, goli ni la timu, tuandike majina ya wote. Polepole, ndugu yangu. Mwaka 2015 wanafizikia wanaotumia mtambo mkubwa ulioko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa walitoa makala ya kurasa 33, na kati ya hizo 24 zilikuwa orodha ya waandishi, zaidi ya watu 5,000. Labda wote walistahili, mtambo ule hauwashwi na mtu mmoja. Lakini sote tuliopita chuoni tunaijua ndugu ya orodha hiyo, ile ya kazi za vikundi. Majina saba juu ya karatasi, aliyeandika mmoja, mwingine kachapa, wengine watano wanaulizana mlangoni mwa darasa kazi inahusu nini.

Na hapa ndipo mpira ulipotaka kunidanganya.

Namba nane wetu, kiungo, tuliingia naye chuo mwaka mmoja. Huyu si mtu wa kawaida kwangu. Siku niliyovunjika kifundo cha mguu, uwanja uko mbali na barabara, alinibeba mgongoni mpaka kituo cha daladala, jua la saa nane, hakunitua hata mara moja. Muhula wa pili wa mwaka wa mwisho mambo yake yalikwenda vibaya, bumu likachelewa, akawa anashinda Kariakoo akiuza mikanda. Akaja chumbani kwangu usiku. Kulikuwa na kazi ya watu wawili, mimi nimeshaimaliza. Akasema, "Mshkaji, weka na jina langu tu. Sisi si timu moja?"

Nikakataa.

Nilikuwa na hoja, na mpaka leo naona ni nzuri. Medali ya mpira inasema timu imeshinda, kwa hiyo hata kipa wa akiba ambaye hakuvua suruali ya mazoezi anaivaa, na ni haki yake. Cheti hakisemi hivyo. Cheti kinamwambia mgonjwa, au mzazi, au mwajiri, kwamba mtu huyu mwenyewe anaweza. Cheti hakina benchi la akiba. Nikiweka jina lake nitakuwa simsaidii yeye, ninamdanganya mtu wa tatu ambaye hayumo chumbani. Yale yale ya mzee wa Ilala yamegeuzwa: pale niliondoa jina la aliyekuwapo, hapa naombwa niweke jina la ambaye hakuwapo.

Hoja nzuri, lakini haikunipa usingizi. Namba nane hakubisha. Aliniangalia mguu, mguu uleule, akasema sawa, akatoka. Hatukusemeshana muhula mzima, na somo lile alilirudia.

Nilichelewa kuona kosa langu lilikuwa wapi. Halikuwa katika kukataa. Kazi ilikuwa inatakiwa baada ya siku nne. Siku nne! Mwalimu, mchezaji akija kwake na kusema hawezi kupiga kwa mguu wa kushoto, hakumwambia asipige, wala hakumpigia. Alimpeleka ukutani saa kumi na moja alfajiri akasimama naye. Mimi ningeweza kumwambia namba nane, kaa hapa, soma hii, andika nusu yako, tutaigombania mpaka ijulikane ni yako. Ningeweza kumpa mpira. Badala yake nilimpa kanuni, nikafunga mlango, nikajiona mwadilifu. Tangu hapo nawaogopa kidogo watu wanaotaja uadilifu wa kitaaluma huku wamekaa, maana najua nilikuwa nimekaa kitandani nilipousema.

Mambo mengine ambayo watu husema mpira unafundisha kuhusu kuandika nayakubali bila ubishi, lakini hayanikoseshi usingizi. Mazoezi, ndiyo. Rasimu ya tano ni ukuta ule wa alfajiri. Kucheza bila mpira, ndiyo pia: aya nyingi nzuri zinafanya kazi ya kukimbia tu ili aya nyingine ipate nafasi, na mwandishi mchanga huzikata akidhani hazifungi. Na kutolewa nje. Ninyi mnaoleta hadithi zenu kwenye jarida hili mnajua uchungu wa kuona ukurasa mzima umepigwa mstari na mhariri. Kaa benchi, funika kichwa kwa taulo, mechi ikiisha utaona kama alikosea.

Turudi Ilala. Nilikaa mwaka mzima bila kwenda. Kisha nikaketi nikaandika upya sura ya tatu na ya nne, kila jambo na mwenye nalo, jina la mzee, mtaa, tarehe tuliyozungumza. Chuo hakikuniomba na alama haikubadilika. Nakala ya maktaba bado ina jina la yule bwana wa Ulaya. Nilipiga chapa nakala yangu tu, nikaenda nayo.

Shikamoo. Marahaba, umepotea. Kahawa ikaja. Mjukuu sasa alikuwa sekondari, sauti imekuwa nzito. Akasoma. Alipofika kwenye habari ya dobi, na jina la babu yake likafuata, mzee hakucheka kama mara ile ya kwanza. Alikaa wima. Akamwambia mtoto rudia hapo. Mtoto akarudia.

"Hapana," mzee akasema. "Hapo si sawa."

Nikashtuka. Nikamwambia, mzee, ndivyo ulivyoniambia mwenyewe, ninayo kwenye daftari.

"Nilikuambia, ndiyo. Lakini jezi hazikuwa zote. Zilikuwa tisa. Mbili zilikuwa kwangu, nilizificha mimi, dobi nikamsingizia kwa wenzangu." Akaiweka kahawa chini. "Mara ile sikujua kama utaliandika jina langu. Chukua kalamu."

Nikachukua. Alinisahihisha mambo sita kabla ya adhana ya magharibi, akaniambia nirudi kesho, sura ya nne bado.